Sukari inaruka ruka ukila? Panga saa ya insulini kwanza, yuniti baadaye

Watu wengi wanaodunga insulini hapa Kisumu ukiwauliza mbona asubuhi sukari yako ilikuwa 6 kwa mashine (mmol/L), saa nne ukawa 17, saa kumi jioni ukawa 3.2, jibu ni moja tu, ati dosi haitoshi ama dosi ni kali. Inaweza kuwa hivyo, lakini mara nyingi dosi haina makosa yoyote, makosa ni ya saa. Insulini imefika chakula bado iko jikoni, ama chakula iliingia zamani na insulini ndio inaanza kuamka. Kwa hivyo kabla uanze kuongeza na kupunguza, angalia saa. Hii naandikia mtu ambaye tayari anadunga, ako na mashine ya kupima, na amechoka na namba za kupanda na kushuka kila siku. Dosi yenyewe inabadilishwa na daktari ama sista wa kliniki ya sukari, si mimi na si jirani yako ambaye pia anadunga.

Soma jina kwa chupa

Toa chupa ama kalamu yako usome jina vizuri, juu kila insulini iko na saa zake. Wengi wetu tunapewa ile ya kuchanganywa, Mixtard ama nyingine ya 30/70. Maana yake asilimia 30 ni ya haraka na 70 ni ya pole pole, na hiyo ya pole pole ndio hufanya dawa ikae kama maji yametiwa maziwa. Ya haraka inaanza kazi kama nusu saa baada ya kudunga, inakuwa na nguvu kati ya masaa 2 na 4, halafu inaisha kwa masaa 6 mpaka 8. Ya pole pole inaanza baada ya saa moja ama mawili hivi, nguvu yake iko kati ya masaa 4 na 10. Ukidunga saa moja asubuhi, hiyo nguvu inakupata kuanzia saa tano mpaka jioni. Ukidunga saa moja usiku inakupata umelala.

Kuna watu wako na Actrapid peke yake kabla ya kula, hiyo ni ile ile ya haraka, nusu saa. Wengine wako na NovoRapid ama Humalog, hizo zinaamka kwa dakika 10 hadi 20 na kwa masaa 3 mpaka 5 zimemaliza. Lantus haina kilele cha maana, inafanya kazi chini chini kama masaa 24 na haishughuliki na chakula, kwa hivyo usiilaumu kwa ugali ya lanchi.

Sasa kama yako ni Mixtard ama Actrapid, unafaa kudunga kama dakika 30 kabla ya kula. Hapa ndio watu wengi huanguka. Sahani imeshawekwa mezani, unavuta shati, unadunga, unanawa mikono, unakula. Ugali inaanza kuwa sukari ndani ya dakika chache na insulini bado imelala. Ukipima masaa 2 baadaye unapata 16, unashtuka, unaongeza yuniti 4 za "kushukisha". Lakini ile ya kwanza haikuwa imekufa, ndio kwanza ilikuwa inafika kwa nguvu yake, sasa ziko mbili ndani na chakula imekwisha. Saa kumi unatetemeka. Unakunywa soda nzima na mandazi mbili juu ya uoga, usiku uko 19. Siku imeharibika na yote ilianza na nusu saa.

Kwa hivyo ukishadunga ya chakula, usidunge nyingine ya kurekebisha kabla ile ya kwanza imalize kazi. Kwa NovoRapid na Humalog ngoja angalau masaa 4, kwa Actrapid ngoja mpaka mlo unaofuata. Na kama ni Mixtard, hiyo haifai kutumiwa kurekebisha kabisa, juu ile sehemu ya pole pole itakufuata mpaka usiku wa manane.

Nusu saa, lakini chakula uione na macho

Ile nusu saa iko na hatari yake na kila mtu wa huku ameiona kwa matanga. Mmefika bomani saa tano, mahubiri yanaendelea, moshi unatoka nyuma ya nyumba, harufu ya nyama imejaa hema lote. Unaenda kuuliza wamama wa jikoni, "Mama, chakula iko karibu?" Anakujibu bila kugeuka, anakoroga sufuria na ule mwiko mrefu, "Inaletwa saa hii, mwanangu." Unajidunga pale pale nyuma ya gari. Halafu mjumbe anapewa maiki, halafu shemeji wa marehemu kutoka Mombasa, halafu chifu. Chakula inatoka saa tisa na nusu. Wewe saa nane ulikuwa umeshaloa jasho na hujui mbona unakasirikia kila mtu.

Nyumbani kwako, ambapo unajua ugali itageuzwa lini, dunga nusu saa kabla. Kwa matanga, harusi, harambee, hoteli yenye foleni, kwa watu ambao huwezi kuwasukuma, dunga sahani ikiwa mikononi mwako hata kama masaa 2 baadaye utakuwa 12 ama 13. Kupanda kidogo mara moja ni afadhali kuliko kuanguka mbele ya watu. Wenye NovoRapid mko na bahati hapo, dakika 10 kabla inatosha, na kwa mahali hujui watakupakulia kiasi gani wengine huruhusiwa na daktari kudunga mara tu wanapomaliza kula.

Na kwa Mixtard kuna jambo ambalo watu huambiwa haraka haraka kliniki na linasahaulika: ile sindano ya asubuhi imeshabeba lanchi ndani yake. Ile ya pole pole itafika saa saba upende usipende, kama tumbo iko na kitu ama haina. Ndio maana mama anayeuza nguo soko la Kibuye, amedunga saa moja, amekunywa chai, wateja wamekuja wengi, lanchi imesogea mpaka saa tisa, anaanza kuona ukungu. Hiyo insulini si kali. Imekuja kwa wakati wake ikakosa chakula. Ukiwa kwa Mixtard kula saa zako, na kitu kidogo katikati kama saa nne na kabla ya kulala kama mmekubaliana na kliniki, ndizi ndogo ama kikombe cha maziwa. Kama kazi yako haikubali lanchi ya saa maalum, dereva wa matatu, askari, mvuvi wa usiku, mwambie daktari hivyo hivyo. Kuna mipangilio mingine ya insulini inayokubali saa kubadilika.

Na kama kipimo kabla ya kula ni chini ya 4, usidunge kwanza. Kunywa sukari, ngoja ipite 4, halafu dunga na ule hapo hapo, hakuna nusu saa siku hiyo.

Sahani

Wanga ndio inapandisha sukari baada ya kula, samaki na sukuma hazina shida. Ugali ya gramu 200, na hiyo si kubwa kwa vipimo vya nyumba za huku, iko na karibu gramu 50 za wanga. Kikombe cha wali uliopikwa ni kama 45. Slaisi ya mkate ni 12 mpaka 15, ndizi mbivu ya kawaida ni kama 27, soda ya 300 ml iko na zaidi ya 30 na zote zinaingia kwa damu mbio. Kijiko cha chai cha sukari ni kama gramu 4, kwa hivyo ile chai ya vijiko vitatu na maziwa ni kama umekula slaisi moja na nusu kabla hata mkate wenyewe uletwe.

Kama daktari amekupa dosi ya kudumu, tuseme 20 asubuhi na 10 jioni, basi dosi hiyo imepimwa kwa chakula inayofanana kila siku. Huwezi kula ugali ya ngumi moja Jumatatu, ya ngumi tatu Jumanne juu kuna samaki mbuta, Jumatano ule matunda tu, halafu ushangae namba. Si lazima ule kitu kile kile, lakini kiasi cha wanga kikae karibu karibu. Njia rahisi ni kukata ugali yako kwanza na kuiweka kwa sahani yako. Ile ya kukatana kutoka kwa sinia moja katikati ya meza huwezi kujua umekula ngapi, na mama mkwe akiona umeacha kukata anafikiri humpendi, sasa mweleze mapema.

Wale wa sindano kila mlo na Lantus usiku wanaweza kufunzwa kuhesabu wanga. Hesabu ya kuanzia ambayo makliniki mengi hutumia kwa insulini kama NovoRapid ni 500 gawanya kwa yuniti zako zote za siku. Ukitumia yuniti 40 kwa siku, 500 kwa 40 ni 12.5, maana yuniti moja inabeba kama gramu 12 za wanga, na ile ugali ya gramu 50 inataka yuniti 4. Ya kurekebisha ni 100 gawanya kwa hizo yuniti zote: 100 kwa 40 ni 2.5, yaani yuniti moja inashusha kama 2.5 kwa mashine zetu. Hiyo ni mahali pa kuanzia tu, mwili wako unaweza kukataa kabisa, asubuhi hasa wengi huhitaji zaidi. Fanyeni na daktari.

Kuna kitu cha bure ambacho naona watu hawakitumii: mpangilio wa kula. Ukianza na mboga na samaki, halafu ugali ikaja nyuma, sukari inapanda pole pole kuliko ukianza na wanga. Utafiti umeonyesha hivyo na hata mashine yako itakuonyesha. Kwa hivyo chukua managu ama saga ama mrenda, kula matonge kadhaa ya mboga na samaki bila ugali, shughulika na kichwa cha ngege huko, ukifika kwa ugali tumbo imeshapata kizuizi na pia njaa imepungua.

Kuhusu ugali ya wimbi na mtama. Watu wanaambiana ati hiyo haina sukari, mtu anakula mlima. Ni wanga kama ya mahindi. Iko na nyuzi zaidi kwa hivyo inasaidia kidogo, lakini gramu ni gramu. Na ukiigeuza kuwa uji laini ya kunywa inapanda haraka kuliko ugali, hata kama haujaweka sukari. Nyoyo ni tofauti, mahindi na maharagwe zinaenda pole pole sana, na wa NovoRapid wakidunga mapema wanaweza kushuka kabla nyoyo ifike. Chipo na kuku ya mafuta vilevile, unapima masaa 2 unaona 8 unafurahi, masaa 5 uko 15, mafuta ilikuwa imeshikilia wanga. Hizo siku pima tena baadaye.

Kupima na stripu chache

Stripu ni ghali, tusidanganyane. Kupima asubuhi tu kila siku inakuambia habari ya usiku, haikuambii chochote kuhusu chakula. Ukiwa na stripu mbili kwa siku zitumie pamoja kwa mlo mmoja: moja kabla ya kula, nyingine masaa 2 kutoka tonge la kwanza. Wiki hii fanya kiamsha kinywa, wiki ijayo lanchi, halafu chakula ya usiku. Wengi huambiwa walenge 4 hadi 7 kabla ya kula na chini ya 10 masaa 2 baadaye, lakini wazee, wajawazito na watoto wanapewa namba zao. Mjamzito hasa, namba zake ni kali zaidi, asifuate hizi.

Ukiona umepanda zaidi ya 3 ama 4 kutoka kabla mpaka baada, na inajirudia mlo ule ule, jiulize kwanza, nilidunga saa ngapi, wanga ilikuwa ngapi, nilidunga wapi. Ukishajibu hizo tatu na bado inapanda, hapo sasa ni mambo ya dosi, piga simu kliniki.

Nawa mikono na sabuni na ukauke kabla ya kutoboa kidole. Ukimenya embe halafu upime bila kunawa, mashine inasoma sukari ya embe, unapata 18 ambayo haiko mwilini, na ukiidungia insulini utajua hujui.

Mahali pa kudunga

Pitisha vidole juu ya tumbo lako, pole pole, mahali unapozoea. Ukisikia uvimbe laini ama mahali pagumu, hapo ngozi imechoka. Insulini ikiingia hapo leo inatoka kidogo, kesho inatoka yote mara moja, na hakuna hesabu ya chakula itakuokoa. Watu hupenda hapo juu hapaumi tena, ndio sababu wanarudi. Achana nayo miezi, hama upande mwingine, songa upana wa kidole kila sindano, kaa mbali na kitovu. Ila ukihama kutoka kwa uvimbe kwenda kwa ngozi nzuri dosi ile ile inaweza kukushukisha sana, kwa hivyo ongea na sista kwanza na upime zaidi siku hizo. Tumbo linachukua haraka kuliko paja, kwa hivyo usichanganye tumbo leo paja kesho kwa mlo ule ule. Asubuhi tumbo, jioni paja, kaa hivyo.

Insulini ya rangi ya maziwa iviringishe kati ya viganja mara kumi na uigeuze juu chini mara kumi, mpaka iwe rangi moja. Usiitingishe kwa nguvu. Ukiona chembe zimeshika kwa kioo, tupa. Sindano iwe ya U-100 (yuniti 100 kwa kila ml), ile ya kofia ya chungwa, ukipewa ya U-40 kwa chupa ya U-100 vipimo vyote vinaharibika.

Joto la Kisumu nalo. Chupa ambayo haijafunguliwa ikae friji, 2 mpaka 8, mbali na kile chumba cha barafu, ikiganda imekufa. Iliyofunguliwa inadumu kama wiki 4 nje mahali pa baridi. Kama hakuna friji tumia nyungu mbili, moja ndani ya nyingine, mchanga uliolowa katikati, kitambaa kibichi juu, kivulini, chupa ndani ya mfuko usiopenya maji. Mwaka 2021 MSF (Madaktari Wasio na Mipaka) na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha utafiti uliofuata joto la kambi ya wakimbizi ya Dagahaley kule Dadaab, kati ya digrii 25 na 37, na insulini ilikaa sawa kwa wiki 4. Lakini hiyo si ruhusa ya kuiacha kwa dashibodi ya probox.

Ikishuka

Chini ya 4, ama unatetemeka, jasho baridi, moyo mbio, midomo kufa ganzi: vijiko 3 vya chai vilivyojaa sukari kwa nusu glasi ya maji, ama nusu ya soda ya 300 ml ya kawaida, si ile ya zero. Kaa chini. Baada ya dakika 15 pima tena, kama bado rudia. Ikipita 4 na mlo uko mbali, kula slaisi ama ndizi. Mandazi, chokoleti na maziwa si za kuanzia, mafuta inachelewesha. Na usimalize sukari yote ya nyumba juu ya uoga, hiyo ndio inaleta 19 ya usiku. Mtu amezimia ama hawezi kumeza, msimtie kitu mdomoni, mlazeni ubavu, hospitali mbio.

Waambie watu wa kwako haya kabla siku ifike, na yule wa boda anayekubeba kila asubuhi pia.

Ukienda shamba kulima, sukari inaweza kushuka masaa mengi baadaye, hata usiku. Kutembea dakika 10 ama 15 baada ya kula kunashusha ile ya kupanda, na hiyo haina bei. Pombe ni tofauti, busaa inakupandisha kwanza, halafu ini linashughulika na pombe linasahau kutoa sukari, na unashuka alfajiri watu wakidhani umelewa tu. Usinywe bila kula.

Ukiamka na sukari juu kila siku, usikimbilie kuongeza ya jioni. Weka alamu saa tisa usiku siku chache upime. Kama saa tisa uko chini, ile ya jioni ndio inakushukisha, na kuongeza kutakumaliza. Kama uko sawa ama juu saa hiyo, ni habari nyingine. Peleka hizo namba kliniki.

Siku za homa na kutapika usiache insulini kabisa ati juu hujala, hasa kama ni kisukari cha aina ya kwanza. Kutapika bila kukoma, kiu kali, kupumua haraka, pumzi kunuka kama matunda yaliyoiva sana, hiyo ni dharura, usingoje asubuhi.

Siku ya kliniki beba kijitabu. Safu ya kwanza saa uliyodunga, ya pili saa uliyokula, halafu yuniti, chakula, kipimo kabla na baada. Wengi huandika kipimo peke yake na daktari anabaki kukisia. Beba na mashine yenyewe, watataka kuona vipimo vilivyo ndani, kwa hivyo angalia kama saa na tarehe yake zimewekwa sawa, nyingi zikibadilishwa betri zinarudi mwanzo.